Ndara za Kale za Nyuzi: Zirudishiwe au Ziachwe?

Kwa anayeishi Kisumu, jirani na Dunga ambako mafunjo ya ziwa husukwa mikeka na vikapu, swali hili huja lenyewe: ndara ya kale ya nyuzi za mimea ikikatika gidamu ndani ya kabati la makumbusho, kwa nini asiitwe msukaji airudishie? Wapo wanaoona kwamba wahifadhi, yaani wataalamu wanaotunza vitu vya makumbusho, wanaibania kazi hii bure, wakati mikono inayoijua ipo papo hapo mjini.

Hoja yao ina uzito. Ndara ya majani haikusukwa ili ikae karne. Wasafiri wa Japani ya zamani walivaa waraji za mabua ya mpunga siku chache tu, zikichakaa wakazitupa na kununua nyingine. Kilichorithiwa ni ujuzi. Tena msukaji huona yanayompita mtaalamu wa maabara: kazi ilianzia kisiginoni au kidoleni, ukili upi uliungwa katikati, wapi mkono ulikaza na wapi ulilegeza. Makumbusho yasiyomwita yanajinyima elimu.

Hata hivyo, ikija kwenye ndara yenyewe, mimi nasimama na wahifadhi. Msukaji hulowesha kwanza mafunjo makavu ili yapindike bila kukatika, kisha huvuta na kukaza. Utepe mpya huvumilia. Wa kale umeshadhoofishwa na mwanga, joto na asidi. Ukiloa ghafla huvimba, ukikauka husinyaa na kupasuka palepale ulipopindwa. Na hata ukifaulu kuupenyeza utepe mpya, huo una nguvu kuliko wenzake: kila mvuto utaangukia zile nyuzi dhaifu zilizo kando yake.

Mhifadhi naye hutumia unyevu, ila kama mvuke, kidogo kidogo, mpaka unyuzi uliojikunja ukubali kunyooka. Kisha huchukua kipande cha karatasi ya Kijapani, akakitia rangi ifanane na ndara, akakisokota chembamba na kukibandika upande wa chini wa mpasuko kwa gundi ya wanga wa ngano. Wayo hulazwa juu ya sponji ngumu iliyochongwa kwa umbo lake, gidamu isibebe uzito wowote. Kiraka hicho kinaweza kubanduliwa baadaye. Tope lililokauka chini ya wayo haliguswi, maana ndilo linaloweza kueleza mvaaji alikanyaga udongo gani.

Faida ya kujizuia imeonekana Hispania. Katika pango la Cueva de los Murciélagos, mkoani Granada, wachimba madini walikuta ndara za nyasi za esparto katika karne ya 19. Mwaka 2023 watafiti walitangaza kwamba umri wake ni takriban miaka 6,200, baada ya kupima kaboni ya mionzi, ambayo hupungua kadiri miaka inavyopita, katika nyuzi zenyewe. Mtu angezijaza nyasi mpya huko nyuma, sampuli ikachukuliwa mahali pasipo sahihi, jibu lingepotoka.

Kanuni hii lakini haina nguvu nyumbani kwa watu. Ndara ya babu ambayo ukoo bado unaitumia katika sherehe ni mali yao, na wakitaka isukwe upya ili ivaliwe, isukwe. Ningewaomba tu waipige picha kwanza pande zote, na watunze kila kipande kinachotolewa. Wasiifunge kwenye mfuko wa nailoni, kwa sababu katika joto la Kisumu unyevu hunaswa humo na ukungu ukaota.

Kwa makumbusho, njia ninayoiunga mkono ni kumweka msukaji mezani pamoja na mhifadhi kabla kiraka cha kwanza hakijawekwa, kisha kumpa kazi ya kusuka ndara pacha ambayo wageni wataishika na kuipinda watakavyo. Alipwe kwa ushauri kama anavyolipwa mtaalamu yeyote, mbali na bei ya ndara, na jina lake liandikwe kwenye kibao cha maonyesho.