Brussels au projekta ya Mtwara: fedha za kikundi ziende wapi?

Kila mwaka, wikiendi ya mwisho wa Januari au ya mwanzo wa Februari, maelfu ya watengenezaji wa programu huria, zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa yeyote, hukutana Brussels, Ubelgiji, kwenye kongamano la FOSDEM. Hufanyika siku 2 katika kampasi ya Solbosch ya chuo kikuu cha ULB, bila kiingilio wala usajili. Kwa kikundi cha vijana wa Mtwara au Lindi wanaoandika programu, wanaochora ramani huria za mtandaoni za OpenStreetMap au wanaohudumia mfumo wa takwimu za afya wa DHIS2 kwenye halmashauri, hoja ni moja: tuchange tumpeleke mwenzetu, au fedha hizo zinunue bando na projekta tutazame sote?

Wanaotaka kubaki wana hoja nzito. Mada zinarushwa mubashara kutoka kila chumba, na baadaye rekodi zinapakuliwa bure. Brussels iko nyuma yetu kwa saa 2 majira hayo, hivyo mada ya Jumamosi ya saa tatu na nusu asubuhi huko inatufikia saa tano na nusu. Hakuna wa kukesha. Gharama nayo inahesabika: video inayokwenda kwa megabiti 1 kwa sekunde inakula kama megabaiti 450 kwa saa. Watu 10 kila mmoja na simu yake wanamaliza gigabaiti 4.5 kwa saa moja. Projekta moja ukutani inabaki na zile 450.

Lakini mubashara yenyewe inasifiwa kupita kiasi. Umeme ukikatika katikati ya mada, uzi umepotea. Kuna vyumba zaidi ya 20 vinavyoendelea kwa wakati mmoja, na mbele ya projekta moja kila mtu anataka kuhamia chumba chake. Ni heri kikundi kisubiri wiki 2 au 3, kwa kuwa rekodi hazitoki zote mara moja: kila moja inakaguliwa kwanza na kukatwa mwanzo na mwisho. Kisha mmoja anapakua mada 6 kwa bando la usiku, anaziweka kwenye flashi, na mnatazama siku mnayotaka, mkisimamisha kila palipo pagumu. Mubashara inafaa pale tu mnapokuwa na swali la kumuuliza mtoa mada papo hapo.

Sasa upande wa kusafiri. Kama mada zote zinapatikana bure ukiwa Shangani au Ligula mjini Mtwara, basi mtu hapandi ndege kwenda kusikiliza mada. Anakwenda kwa ajili ya watu. Chukua programu ya kukusanya takwimu inayokwama mtandao unapokatika katikati ya kutuma. Kwa mhudumu wa zahanati ya Liwale au Nanyumbu hilo ni jambo la kawaida. Mtunzaji wa mradi, yaani anayesimamia msimbo wake, aliyeko Ulaya halioni kabisa kwenye kompyuta yake. Ripoti ya maandishi inaweza kukaa miezi bila jibu. Mkikaa naye dakika 20 mbele ya meza ya mradi, ukazima mtandao mbele ya macho yake na fomu ikapotea, anajua pa kuanzia kurekebisha. Kwangu hiyo ndiyo sababu pekee inayotosha kubeba michango ya watu 15.

Asiyekuwa na kazi ya namna hiyo atateseka bure. Ukumbi mkubwa wa Janson unachukua watu zaidi ya 1,000, ila vyumba vingi ni vya kufundishia, baadhi vidogo sana. Viti vikijaa, mlangoni linawekwa bango la kusema pamejaa, na kusimama ukutani hairuhusiwi kwa sababu ya kanuni za moto. Mwenye ratiba ya kurukaruka kutoka jengo la K kwenda la H kila nusu saa atayasoma mabango hayo siku nzima, maana nafasi kati ya mada ni kama dakika 5 na njia zimesongamana. Dawa yake ni kuchagua chumba kimoja kwa kila nusu siku, kuingia mada moja kabla ya ile unayoitaka, na kutotoka. Mada nyingine zote ziache, utaziona kwenye rekodi. Ratiba ipakue mapema kwenye simu kwa programu ya Giggity, ambayo ikishapakuliwa haihitaji mtandao. Mtandao mkuu wa kongamano ni wa IPv6 pekee, mfumo mpya wa anwani za intaneti, kwa hiyo programu za zamani zinaweza kugoma. Upo mtandao wa pili kwa ajili hiyo. Plagi zetu za miguu 3 bapa haziingii kwenye soketi za huko, kwa hiyo adapta inunuliwe kabla ya safari, pamoja na koti zito.

Kinachoangusha wengi ni kalenda. Miito ya kuomba kuwasilisha mada hutoka Oktoba na Novemba, hufungwa mwanzoni mwa Desemba, na majibu huja katikati ya mwezi huo. Viza ya Schengen, ya kuingia Ubelgiji na nchi nyingine nyingi za Ulaya, inaombwa kuanzia miezi 6 hadi siku 15 kabla ya safari. Uamuzi kwa kawaida huchukua siku 15 na unaweza kufika 45. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima, hairudi ukinyimwa, na bima ya safari lazima ifikie euro 30,000. Anayesubiri jibu la mada ndipo aombe anaangukia sikukuu za Krismasi. Tena, kwa kuwa hakuna usajili, hakuna tiketi ya kuambatanisha; barua itoke kwa mradi unaokufahamu. Alama za vidole zinakutaka Dar es Salaam mwenyewe, zaidi ya kilomita 550 kutoka Mtwara, tena msimu wa mvua. Mei 2024 kimbunga Hidaya kiliikata barabara hiyo upande wa Kilwa, hivyo weka siku 2 za akiba. Na kwa wanaotegemea korosho, minada huanza Oktoba: michango inakamilika wakati nauli ya ndege imeshapanda.

Kuna njia ya kati isiyozungumzwa vya kutosha. FOSS4G, kongamano la programu huria za ramani, lilifanyika Dar es Salaam mwaka 2018. State of the Map, la wachoraji wa OpenStreetMap, lilikuwa Nairobi mwaka 2024, na Mtanzania haombi viza kuingia Kenya. Yote mawili huhamahama, na huwa na ufadhili wa nauli kwa wachache wanaoomba mapema. Kwa fedha za mtu mmoja wa Brussels, kikundi kingeweza kupeleka 3 au 4 Nairobi kwa basi.

Kwa hiyo barua pepe kwa mtunzaji wa mradi iandikwe Agosti, ikiwa na hitilafu iliyoelezwa hatua kwa hatua na marekebisho ya msimbo yaliyokwisha kutumwa. Akijibu na kukubali kukutana, viza iombwe kabla ya Novemba kuisha, iwe mada imepita au haijapita. Oktoba ikiisha kimya, fedha zibaki kwa mhazini zikisubiri kongamano la jirani, na sehemu ndogo inunue projekta.