Kijivu Tena?

Siku hizi watu huonyeshana picha za magari waliyoagiza hata kabla hayajaundwa. Sawa, kipya kinyemi. Lakini angalia kinachoonyeshwa. Porsche 911 GT3: injini ya silinda sita inayopanda hadi mizunguko 9,000 kwa dakika, bawa la nyuma limening'inizwa kwa juu kama kwenye gari la mashindano, gia ya mkono kwa anayejua raha yake. Unashuka hadi kwenye rangi: kijivu. Rimu nyeusi. Ndani kweusi, nyuzi za kijivu. Mtu kafunguliwa kabati zima la rangi, naye kachagua ile ya sakafu ya gereji.

Ukiuliza sababu, jibu ni lile lile: "Haitanisumbua kuuza." Gari bado halijatoka kiwandani na tayari linapambwa kama bibi harusi anayerembwa kwa ajili ya mume wa pili. Huyo mnunuzi wa kesho humjui. Hujui anapenda nini, wala hajakuchangia hata senti. Lakini ndiye unayemwachia achague rangi utakayoitazama kila asubuhi kwa miaka mitano.

Na hesabu yenyewe haina mashiko kama wanavyodhani. Siku ya kuuza gari la kijivu, utakuta wenzako kadhaa wanauza gari lile lile, la mwaka ule ule, la kijivu kile kile. Kilichobaki cha kushindania ni bei, na mnunuzi analijua hilo kabla hajapiga simu. Gari la rangi adimu lina wateja wachache, kweli, ila yule mmoja anayeitaka hana pengine pa kwenda. Angalia Porsche 911 za miaka ya 1990. Modeli ya 964 ilitoka kwa Rubystone, ile waridi kali inayokaribia zambarau, na kwa kijani cha mnanaa. Iliyofuata, 993, ikaja na Riviera Blue na Speed Yellow. Leo wakusanyaji wanazisaka rangi hizo hizo kwa tochi. Rubystone kiwanda chenyewe kiliirudisha miaka thelathini baadaye kwa jina la Ruby Star Neo. Chema chajiuza, walisema wazee, na sidhani kama waliwaza kijivu.

Tena rangi za magari haya zina ukoo. Nyekundu ilikuwa ya Italia kwenye mashindano, kijani ya Uingereza, buluu ya Ufaransa. Njano iliyo nyuma ya farasi wa Ferrari ni rangi ya mji wa Modena. McLaren walikimbia na rangi ya papai tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, na papai likiiva halijifichi.

Najua utaniambia rangi ya fedha nayo ina ukoo, ni ya Wajerumani. Haya, nakubali, shingo upande. Fedha nyepesi huonyesha mikunjo ya bodi vizuri na husamehe vumbi, jambo ambalo nyeusi haitalifanya kamwe. Nyeusi huonyesha kila duara lililoachwa na kitambaa cha kuoshea. Na kijivu cha kawaida kisicho na chenga za metali ni rahisi kwa fundi rangi kukilinganisha bampa likikwaruzwa. Nimemaliza kukubali.

Shida nyingine ni kwamba rangi huchaguliwa kwenye skrini, na hapo ni mbuzi kwenye gunia. Skrini inatoa mwanga, rangi ya gari inaupokea na kuurudisha. Chenga za alumini zilizomo kwenye rangi ya metaliki hubadili sura kulingana na pembe unayosimama, ndiyo maana buluu moja huwa angavu kwenye boneti na karibu nyeusi chini ya mlango. Omba kipande halisi kilichopigwa rangi, na kiwe kilichopinda, kwa sababu kadi bapa haikuambii mabega ya nyuma ya gari yatakuwaje. Kitazame juani saa sita mchana, kisha kivulini, kisha magharibi, kisha chini ya taa za ndani. Kilaze kama boneti, kisimamishe kama mlango, rudi nyuma hatua tano. Ikikuchosha katika mojawapo ya hali hizo, iache.

Kabla hujaipenda sana, uliza pia inapigwa kwa hatua ngapi. Rangi ya kawaida ina tabaka la rangi na vanishi ya juu. Nyingi za zile zenye mng'ao wa lulu zina hatua tatu: msingi, tabaka la lulu linalopitisha mwanga, kisha vanishi. Hapo katikati ndipo mafundi wanapoaibika. Tabaka la lulu likiwa jembamba au nene kidogo kuliko la kiwandani, mlango mpya unaonekana umetoka gari jingine. Fundi anayejua kazi hupiga vipande vya majaribio, kimoja tabaka mbili za lulu, kingine tatu, kingine nne, avilinganishe na gari, halafu aififize rangi hadi kwenye paneli ya jirani ili jicho lisione mpaka. Asiyefanya hivyo mkimbie.

Na wewe unayetaka rangi isiyong'aa: usiinunue kiwandani. Haipigwi polishi, kwa sababu polishi huleta mng'ao, na mng'ao ukishakuja haurudi. Mkwaruzo mmoja ni paneli nzima kupigwa upya. Brashi za mashine ya kuoshea ni mwiko, kinyesi cha ndege kisingoje hata saa. Agiza inayong'aa, kisha vesha filamu isiyong'aa ya kulinda rangi. Ukiichoka unaibandua, na chini yake rangi ni mpya.

Filamu, hata ile angavu, iwekwe kabla ya safari ya kwanza ndefu. Rangi yote ya gari jipya, kuanzia primeri hadi vanishi, mara nyingi ina unene wa maikroni 100 hadi 150 tu, yaani milimita 0.1 hadi 0.15. Filamu nzuri ina kama 200, na mikwaruzo midogo juu yake hujifunga kwa joto la jua au maji ya moto. Bampa, boneti nzima, mabawa ya mbele (bodi iliyo juu ya tairi), vioo vya pembeni. Halafu pale wengi wanapopasahau: sehemu ya mbele ya mabega ya nyuma. Kwenye gari lenye makalio mapana kama 911, tairi za mbele hurusha kokoto moja kwa moja pale.

Sasa nyongeza. Inachekesha namna pesa zinavyotupwa. Tundu za hewa zimeshonewa ngozi, ufunguo umepigwa rangi ya gari, nembo imekandamizwa kwenye mto wa kichwa, halafu gari halina kifaa cha kuinua pua. Kanuni yangu ni fupi: kilichomo ndani ya mifupa ya gari nunua kiwandani, kinachobandikwa juu kinaweza kusubiri.

Kuinua pua ni kwenye mifupa. Kwenye 911 huongeza takriban milimita 40 mbele, kwa pampu, mipira ya mafuta na silinda zilizoungwa kwenye shokapu. Kukiongeza baadaye ni kulifungua gari jipya vipande vipande. Usipokuwa nacho, kila tuta na kila mlango wa maegesho utakuwa mtihani, na sauti ya bampa la chini likisagika utaikariri. Magurudumu ya nyuma yanayokata kona nayo hayaongezwi baadaye: chini ya takriban kilomita 50 kwa saa hugeuka kinyume na ya mbele na gari likawa kama limefupishwa, juu ya 80 hugeuka upande mmoja nayo na likatulia. Tangi kubwa la mafuta kwenye GT3, weka tu, usifikiri.

Siti zinastahili safari ya kwenda kuzikalia. Ile ya kaboni isiyolala nyuma hupunguza uzito na hukushika imara kwenye kona, lakini mgongo wake haurekebishwi. Kama kiuno chako hakikubaliani nayo, hamtapatana kamwe. Kaa nusu saa kamili, kisha utoke na uingie mara kumi. Utaona mwenyewe ukingo wa nje unavyosuguliwa na paja. Hapo ndipo ngozi huchakaa kwanza.

Breki za kaboni-seramiki watu hununua kinyume kabisa. Diski zake zina karibu nusu ya uzito wa zile za chuma, hazitoi vumbi jingi jeusi la kuchafua rimu, na barabarani hudumu sana. Zinamfaa hasa mtu wa barabarani. Anayekwenda kwenye viwanja vya mashindano kila mara ndiye anayepaswa kuchukua chuma, kwa sababu joto la mfululizo huunguza nyuzi za kaboni, na bei ya diski moja ya seramiki itamtoa jasho kuliko kona yoyote. Na ukizichukua, mwambie kila fundi wa tairi: kabla ya kutoa rimu, afunge pini mbili za kuongozea kwenye matundu ya boliti. Rimu ikiyumba na kugonga ukingo wa diski, unameguka.

Rimu za nati moja ya katikati zinapendeza, ila nati hiyo kwenye 911 za sasa hukazwa kwa nyutoni mita 600 (kipimo cha nguvu ya kukaza), wakati boliti tano za kawaida zinahitaji 160 kila moja. Unakaza, unalegeza digrii 60, unakaza tena, na mtu wa pili amekanyaga breki. GT3 huja nazo tu, huna la kufanya. Kwingine una hiari, itumie.

Ndani, jambo moja: sehemu ya juu ya dashibodi iwe nyeusi au ya rangi nzito. Ngozi nyeupe pale juu hujiakisi kwenye kioo cha mbele, na jua likiwa mbele utaendesha ukitazama dashibodi yako badala ya barabara. Siti nyeupe ni shauri lako na jinzi zako. Usukani wa Alcantara, kitambaa laini kinachofanana na ngozi ya manyoya mafupi, ni mtamu mwaka wa kwanza, kisha pale mikono inaposhika hulala na kung'aa kama kiwiko cha koti kuukuu. Kama huvai glavu, chukua ngozi laini. Paa linalofunguka huweka uzito mahali pabaya kuliko pote na hula nafasi ya helmeti.

Mwisho ni ile karatasi. Ukurasa wa kupangia gari una tabia ya kuondoa nyongeza moja unapoongeza nyingine, wakati mwingine kwa kijidirisha ulichokibofya bila kukisoma. Chapisha orodha nzima, isome mstari kwa mstari na muuzaji, linganisha msimbo wa rangi na ule wa kipande ulichoshika mkononi. Kama umechukua seramiki, kumbuka kalipa zake, yaani vibano vya breki, kwenye Porsche huja njano usipoomba nyeusi, na njano juu ya gari jekundu ni jambo la kuamuliwa mapema. Omba kwa maandishi tarehe ambayo oda itafungwa. Hadi siku hiyo bado unaweza kuukata mstari ulioandikwa kijivu.