Bima ya Mbwa Mdogo Jijini Mwanza: Kulipa Ada au Kuweka Akiba?

Anayefuga mbwa wa aina ndogo, kama Maltese, Pomeranian au Chihuahua, katika vilima vya Isamilo au Capri Point hufika mahali akajiuliza kama ni busara kumkatia mbwa wake bima, au fedha hizo zikae akiba hadi siku ya ugonjwa. Bima ya mbwa ilianza Uingereza mwaka 1947 na Marekani mwaka 1982, na masharti yake mengi yametungwa kwa kufuata hali ya nchi hizo. Kwetu, bima ya wanyama inayofahamika zaidi ni ile ya ng'ombe, ambaye thamani yake hupimwa kwa bei ya mnadani, ilhali thamani ya mbwa wa nyumbani haipimwi hivyo.

Mbwa mdogo ana maradhi yanayomwandama kwa sababu ya umbile lake. Kifupa cha mbele ya goti, yaani pia, huhama mahali pake, meno hujaa ukoga na kung'oka mapema, bomba la hewa hulegea na kumfanya akohoe, na uzeeni valvu ya moyo huanza kuvuja. Ni kweli kwamba dawa zake nyingi hupimwa kwa uzito, kwa hiyo dozi moja humgharimu mwenyewe kidogo kuliko dozi ya mbwa mkubwa. Hata hivyo mbwa hawa huishi miaka 12 hadi 15, wengine zaidi, na ugonjwa wa moyo unaoanza akiwa na miaka tisa unaweza kudai vidonge vya kila siku hadi mwisho wa maisha yake.

Hapo ndipo mkataba unapostahili kusomwa neno kwa neno. Mikataba mingine hulipia ugonjwa mmoja kwa miezi 12 tu, kisha ugonjwa huohuo ukaondolewa kabisa; mingine hurejesha kiwango cha fidia kila mwaka mradi ada inalipwa bila kukatika, na kwa mbwa mwenye maisha marefu aina hii ya pili ndiyo yenye maana. Ugonjwa uliokuwapo kabla ya bima kwa kawaida haulipiwi. Kampuni nyingine huenda mbali zaidi: goti la kushoto likiwa liliwahi kuchechemea kabla ya mkataba, la kulia nalo halitalipiwa, na sharti hilo humwumiza mwenye mbwa mdogo kuliko mtu mwingine yeyote. Meno nayo mara nyingi hulipiwa tu iwapo daktari ameyakagua kila mwaka na kuandika. Ada yenyewe hupanda kadiri mbwa anavyozeeka, kwa hiyo bei ya mwaka wa kwanza haitoshi kuwa kigezo.

Ukirudi Mwanza, mizani inabadilika. Wanaowaua mbwa wetu ni parvo (ugonjwa wa virusi unaoharisha na kutapisha), kichaa cha mbwa na homa zinazoletwa na kupe, na haya yote yana kinga ya chanjo au dawa ya kupe, ambazo bima ya kawaida hailipii. Isitoshe, chanjo ikiwa imepita muda wake, kampuni inaweza kukataa dai la ugonjwa ambao chanjo hiyo ingeuzuia. Kwa hiyo mwenye kipato cha kubana hana sababu ya kutanguliza ada ya bima mbele ya chanjo.

Kuna pia suala la mahali pa kutibiwa. Bima nyingi humtaka mwenye mbwa alipe kwanza, kisha adai akiwa na stakabadhi na maelezo ya daktari. Asiye na fedha mkononi usiku ambao mfupa wa sato umekwama kooni mwa mbwa wake bado atahangaika. Upasuaji wa goti nao unahitaji mtaalamu na vifaa, na anayeelekezwa hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, atabeba nauli ambayo huenda mkataba hauigusi.

Akiba nayo ina udhaifu wake, na si haki kuuficha. Ajali haisubiri mfuko ujae, na Januari ikifika na ada za shule, fedha za mbwa ndizo huchotwa kwanza. Kwa maoni yangu, mwenye mbwa wa Mwanza aanze na chanjo na dawa ya kupe, kisha akiba katika akaunti isiyoguswa. Bima aikate mapema, mbwa akiwa bado mtoto na magoti yake hayajaandikwa ugonjwa wowote, na tu ikiwa daktari wake wa mifugo amemthibitishia kwamba matibabu yanayolipiwa yanapatikana Kanda ya Ziwa.

Kipengele kimoja, hata hivyo, kingenifanya niifikirie bima upya, nacho ni fidia kwa mtu aliyeumizwa na mbwa. Mbwa mdogo huuma upesi akiogopa, na mtoto wa jirani akiumwa, gharama za sindano za kichaa cha mbwa humwangukia mwenye mbwa siku hiyohiyo, hata kama hakuwahi kuziwekea akiba.