Barazani Kwangu, Wenyeji Wanakaa Mbele

Ukisimama kwenye vitalu vya miche vya Arusha, iwe Njiro au njia ya Usa River, utaona macho ya wateja yanapoishia: kaktasi za mviringo zenye miiba ya dhahabu, echeveria za rangi ya zambarau, na vile vimmea vidogo vya Afrika Kusini vilivyopandwa kwenye vikombe. Vya kwetu, kama vipo, vimesukumwa nyuma karibu na bomba. Mimi nyumbani nimepanga kinyume. Wenyeji wako mbele barazani, wageni wanafuata, na natamani wapenzi wengi wa mimea hii inayotunza maji mwilini hapa mjini wafanye hivyo.

Tuwekane sawa kwanza. Kaktasi halisi ni mimea ya Amerika. Kwa asili ni aina moja tu inayoota pia Afrika, Tanzania ikiwemo, nayo ni Rhipsalis baccifera. Sura ya kaktasi haina: inaning'inia kwenye miti ya msituni, vijiti laini vya kijani vyenye vitunda vyeupe. Ile mirefu yenye matawi yaliyosimama wima, ambayo watalii huipiga picha wakielekea Manyara, ni yuforbia. Tofauti iko pale mwiba unapotokea. Miiba ya kaktasi huota kwenye kijidoa chenye manyoya; yuforbia haina kijidoa hicho, na ukiichubua kidogo tu inatoa maziwa meupe. Maziwa hayo si ya kuchezea. Yakiingia jichoni yanaweza kuliumiza vibaya, kwa hiyo yangu iko mbali na wanapopita watoto.

Mnyaa nao ni yuforbia. Kila mtu anaujua kwa kazi ya uzio, na ndiyo maana jirani yangu alishangaa kuukuta kwenye chungu.

"Mwanangu, mnyaa barazani? Huo si wa boma?"

"Ndiyo mama, lakini hebu utazame jua likiwa linazama."

Akavitazama vile vijiti vyembamba vikipenywa na mwanga, akanyamaza kidogo, kisha akaomba tawi.

Lakini kipenzi changu hasa ni oldupai, ule mkonge pori uliolipa jina Bonde la Olduvai. Ni sansiveria, ndugu wa ile inayowekwa kwenye mapokezi ya hoteli, ila huu una mwili. Majani yake yamepangwa pande mbili, moja juu ya jingine, kama upepeo uliofunguliwa. Kila jani ni nene, lina mfereji katikati, ukingo wake ni mwekundu wa kahawia ukifuatwa na utepe mwembamba mweupe unaochakaa na kuwa kama karatasi. Ncha ni ngumu na inachoma kwelikweli. Unakua polepole mno, na mimi napenda hivyo: jani jipya likitokea nalijua, nalifuatilia linavyojichomoza mpaka likae kwenye mstari wake.

Jambo jingine linalonifurahisha ni kwamba wataalamu wa mimea, baada ya kulinganisha vinasaba, wamezihamishia sansiveria kwenye jenasi ya Dracaena. Humo ndimo yalimo masale yetu! Mama yangu ni wa Marangu, na kwa Wachagga masale si pambo. Yanaonyesha mpaka wa kihamba, yaani shamba la ukoo, na mtu akikujia na jani la isale kuomba msamaha, kumkatalia ni jambo zito. Isale halitunzi maji kwenye jani, linataka kivuli na unyevu, kwa hiyo kwa sheria kali za wakusanyaji halistahili kuwa hapa. Nimeliweka hata hivyo, pembeni ya oldupai. Mmoja wa mlimani, mwingine wa nyika kavu, na ukoo ni mmoja.

Shubiri ninazo kadhaa. Ile ya dukani, ya kupaka ngozi, si yetu. Asili yake ni Uarabuni. Ninayoithamini ni Aloe secundiflora, inayoota yenyewe kwenye nchi kavu za Longido na Monduli. Maua yake mekundu ya waridi hupangana upande mmoja wa kitawi, yote yakitazama juu, na hapo ndipo ndege chozi hutua, hukunja shingo na kuingiza mdomo ua baada ya ua. Ikichanua, chai ya asubuhi huwa naimalizia nje.

Waridi la jangwani nalo ni la Afrika, na limo kwenye nyika zetu. Shina lake lililovimba ndilo watu wanalolipenda. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi hutumia utomvu wa jamii hii kutengeneza sumu ya mishale, basi ukilipogoa vaa glavu na unawe.

Wageni nawapenda pia. Kaktasi ya dhahabu kutoka Mexico ni nzuri, na ina historia ya kusikitisha: sehemu ya makazi yake ya asili ilizama katika miaka ya 1990 lilipojengwa bwawa la Zimapán. Schlumbergera, kaktasi ya milima ya Brazil, hunipa maua ya pinki usiku wa Arusha unapokuwa baridi, Juni na Julai. Siwafukuzi. Nasema tu kwamba tumezoea kuona uzuri ukishatoka nje. Mwaka 1892 Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire alitwaa ua dogo la zambarau huko Tanga akalipeleka kwao. Leo violeti ya Afrika iko madirishani dunia nzima, na hapa kwetu ni nadra kuikuta ndani ya nyumba.

Ninachokipinga kabisa ni kwenda porini na jembe. Shubiri karibu zote, yuforbia za aina hii na kaktasi ziko chini ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama wa porini, ili biashara isizimalize. Mmea uliong'olewa ukiwa mzima mara nyingi hufia kwenye chungu, na kule ulikotoka huachi kitu. Omba tawi, omba chipukizi, nunua kwa anayezalisha mwenyewe.

Tawi la mnyaa likate kwa kisu kisafi, osha maziwa kwa maji mpaka yakatike, kisha liache kivulini wiki moja hadi mbili kidonda kikauke. Oldupai unagawanywa kwa machipukizi ya chini yakishakuwa na mizizi. Usitumie udongo mweusi wa Meru peke yake. Unafaa migomba, lakini kwenye chungu unaozesha mizizi. Changanya nusu kwa nusu na changarawe au kokoto ndogo za volkano, na hakikisha chungu kina matundu. Usimwagilie mpaka tawi likuonyeshe chipukizi jipya. Masika ikianza, ingiza vyungu chini ya paa, hasa ukiwa upande wa mlimani ambako mvua haikatiki. Na kama unaanza wakati wa baridi, subiri Septemba, mizizi itatoka haraka zaidi.