Majina Yaliyohifadhiwa Katika Majalada ya Pensheni

Kwa muda mrefu Harriet Tubman, Mmarekani mweusi aliyetoroka utumwa kisha akarudi kuwakomboa wengine, amesimuliwa kama shujaa wa peke yake, na simulizi hiyo, ingawa si ya uongo, imewaacha gizani watu waliokombolewa. Ndiyo maana nakithamini sana kitabu cha mwanahistoria Edda Fields-Black, Combee, kilichotoka mwaka 2024 na kupata Tuzo ya Pulitzer ya historia mwaka uliofuata, sambamba na kitabu kingine.

Kinahusu uvamizi wa tarehe 2 Juni 1863 katika Mto Combahee, South Carolina. Tubman, aliyekuwa mpelelezi wa jeshi la Muungano, yaani upande wa Kaskazini katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, aliandamana na Kanali James Montgomery na askari weusi wakapanda mto kwa boti za kivita, wakateketeza mashamba ya mpunga na kurudi na watu 756 waliokuwa watumwa hadi asubuhi ile. Tukio lenyewe lilikwisha kujulikana. Watu hao walikuwa akina nani ni suala jingine, kwa kuwa sensa ya watumwa ya mwaka 1860 iliwaorodhesha chini ya jina la bwana wao, kwa umri, jinsia na rangi, bila majina.

Kwa kuwa baadhi ya wanaume waliokombolewa walijiunga na jeshi, mwandishi aliwatafuta katika majalada ya pensheni za wanajeshi. Mjane hakulipwa mpaka athibitishe kwamba marehemu alikuwa mumewe kweli, na kwa vile ndoa za watumwa hazikuwa na vyeti, majirani waliapishwa waeleze nani aliozwa nani, katika shamba la nani, na walizaa watoto gani. Urasimu uliowatilia shaka wajane hao ndio uliotuhifadhia maneno yao, jambo linaloniuma na kunifurahisha kwa pamoja.

Fields-Black aliwahi kuchunguza wakulima wa mpunga wa pwani ya Guinea, na inaonekana: anapoeleza matuta, tope na maji ya kupwa na kujaa, msomaji anaielewa kazi iliyowaua watu wengi kando ya Combahee. Kitabu ni kirefu, zaidi ya kurasa 700, na nasaba za wamiliki wa mashamba zingeweza kupunguzwa. Majina ya watumwa nisingegusa hata moja.

Tubman naye aliidai pensheni kwa miaka mingi. Mwaka 1899 Bunge la Marekani lilimwongezea hadi dola 20 kwa mwezi, kwa ujane wake na kwa uuguzi wake vitani. Upelelezi wake haukuhesabiwa.