Umati upo, geti liko wapi?

Pale Igoma, Mwanza, hatua chache kutoka barabara ya Musoma, kuna kijana ana duka la kujaza nyimbo na muvi kwenye flashi. Kompyuta yake imefunguliwa ubavu ili ipate hewa, na feni inanguruma kuliko spika. Zamani Jumamosi ulikuwa unapanga foleni. Juzi nimekaa naye karibu saa nzima, wakaja watu watatu tu. Wa kwanza alitaka muvi ya Kihindi iliyoingizwa sauti ya Kiswahili, wa pili alitaka kuchaji simu. Wa tatu nitamrudia.

Ukimuuliza kijana huyu atakwambia intaneti imemuua. Ukimuuliza mwimbaji wa nyimbo za asili za Kisukuma, ambaye miaka yote alimhesabu kijana wa flashi kuwa mwizi wake, atakwambia intaneti imemfufua. Kila mmoja anasema kweli, ila nusu, na nusu wanayoiacha ndiyo yenye pesa.

Tuanze na mwimbaji, maana kwake ndiko kwenye sherehe. Msanii wa Mwanza aliyetaka kujulikana alikuwa na njia moja: basi la Dar. Fid Q, msanii wa hip hop, ni mtoto wa Mwanza, na mji huo wa mawe anaubeba mdomoni hadi leo, lakini jina lake lilikulia Dar. Huko ndiko zilikokuwa studio za kueleweka na wasambazaji wa Kariakoo, walionunua albamu kwa mkupuo kisha wakatoa kopi ambazo idadi yake waliijua wao. Mwanza haikuwa jangwa, kwa kweli. Radio Free Africa na Star TV zinarusha matangazo kutoka hapa hapa. Lakini Tanzania haina mazoea ya redio za lugha za makabila kama walivyo jirani zetu wa Kenya, upande wa pili wa ziwa. Mtu anayeimba Kisukuma kitupu alibaki na harusi, minada ya ng'ombe na kaseti.

YouTube haimuulizi mtu anaimba kwa lugha gani. Video iliyopigwa Magu chini ya mwembe, wachezaji sare, vumbi linatimka, inafunguliwa siku hiyo hiyo na Msukuma aliyehamia Katavi na mifugo yake, na mwingine anayelima mpunga Kilombero. Watu hawa wametawanyika nchi nzima, na hakuna msambazaji wa kaseti aliyewahi kuwafuata. Hili ni jambo kubwa, na wanaolibeza mara nyingi ni watu ambao lugha yao ilikuwa redioni tangu zamani.

Wapo wanaolalamika kwamba siku hizi kila kitu ni kuhesabu watazamaji. Kwa Wasukuma lalamiko hilo limechelewa sana. Ngoma za Bagika na Bagalu, vyama viwili hasimu vya wachezaji, zinashindana hivyo tangu enzi za mababu: makundi mawili yanacheza wakati mmoja, uwanja mmoja, na aliyevuta umati mkubwa ndiye mshindi. Ndiyo maana pana vichekesho, nyoka, majembe yanayorushwa hewani, na dawa za kuvutia watu ambazo kila manju, yaani mwimbaji kiongozi wa ngoma, anajua habari zake. Nenda Bujora, Kisesa, wakati wa Bulabo, sikukuu ya ngoma ya mwezi Juni, utaona watu wanahama kutoka duara moja kwenda jingine kama kidole kinavyopandisha video kwenye simu. Kilichobadilika ni mahali lilipo geti la kulipia, na nani anakusanya pesa.

Hapo ndipo hesabu zinapouma. Ili chaneli ianze kupata mgawo wa matangazo, masharti yanayojulikana tangu 2018 ni wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Ukishavuka, mwenye video ndefu anapata asilimia 55 ya pesa ya tangazo, YouTube inabaki na 45. Kwa kulinganisha na mkupuo wa Kariakoo, huo ni mgawo wa heshima. Tatizo ni kwamba unagawana kidogo. Mwenye tangazo analipia mtazamaji kwa kuangalia yuko wapi na ana nini mfukoni, na mfugaji wa Katavi hafanani na karani wa London. Tena pesa haitoki mpaka ifike dola 100. Rafiki yangu mpiga picha, anayeshughulikia chaneli za waimbaji wawili, alinionyesha kwenye simu yake malipo ya mwezi mmoja ambao wimbo wao ulikuwa unaimbwa hadi na makonda. Hayakufika hata mafuta ya lori lililobeba wachezaji siku ya kurekodi.

Na serikali nayo ilikuja na kikapu chake. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 ziliwataka wenye televisheni za mtandaoni na blogu kuomba leseni, ada zake zikafika zaidi ya shilingi milioni mbili. Hoja ya kudhibiti uzushi na matusi siipingi. Lakini kijana mwenye kamera moja Buzuruga alipimwa kwa mizani ya kituo cha televisheni, na wengi walizima kimya kimya. Upande wa pili wa daftari, COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya nchi, iligawa mirabaha Januari 2022, zaidi ya shilingi milioni 300, iliyotokana na kazi kuchezwa hewani. Ni hatua nzuri. Ila inamfaa aliyechezwa redioni, na tumeshaona ni nani hachezwi.

Sasa wanaishije? Hapa ndipo ninapowavulia kofia, kwa sababu hawakusubiri semina. Fungua chaneli yoyote ya nyimbo za Kisukuma uangalie majina ya video: harusi ya fulani, fulani tena, na fulani mwingine. Huyo fulani ni mfugaji, mwenye duara, yaani shimo la dhahabu, Geita, au mfanyabiashara wa dagaa. Amelipa wimbo utungwe, ametajwa yeye, mama yake na ng'ombe wake, na namba ya simu ya mwimbaji inapita chini ya kioo kwa anayetaka kuwa wa pili. Pesa imeshaingia kabla video haijapandishwa. Geti limehamishwa likawekwa mwanzoni, na YouTube imebaki kuwa bango la barabarani. Wasanii wakubwa wa Dar wanaita hiyo ubalozi wa bidhaa. Huku bidhaa ni mzee mwenyewe.

Bei yake ipo, na si ndogo. Manju alikuwa na ulimi. Alimwimba mvivu, mchoyo, hata mkubwa aliyezidi, na kijiji kikacheka mpaka mhusika akajirekebisha. Sasa mchoyo akilipa anaimbwa mkarimu. Sidai kwamba zamani hakukuwa na kusifu kwa malipo, kulikuwapo. Lakini manju aliweza kula kwa tajiri Jumamosi na kumuuma Jumapili. Wimbo unaobaki mtandaoni na jina la mlipaji juu yake hauna Jumapili.

Halafu kuna bando, ambalo wachambuzi wa Dar hulisahau kwa sababu ofisini wana waifai. Aprili 2021 bei za bando zilipobadilika, kelele zilipigwa nchi nzima hadi mabadiliko yakasitishwa. Kwa mvuvi wa dagaa hilo ni jambo la kila siku. Usiku wa giza yuko majini na taa. Mbalamwezi ikiwa kali anapumzika kambini, na hizo ndizo siku anazotaka muziki na muvi kuliko mtu yeyote. Kambi nyingi za visiwani mtandao unakuja na kuondoka kama upepo. Kwa hiyo kabla ya kupanda boti Mwaloni, Kirumba, anajaza flashi. Huo ndio uhai uliobaki wa duka la Igoma, na kambi ni nyingi.

Yule mtu wa tatu hakuwa mteja. Alitoa memori kadi mfukoni, akasema ametumwa na mwimbaji, wimbo bado haujapandishwa, na pale mwanzo pana namba ya simu, tafadhali isikatwe. Anataka uwekwe kwenye kila flashi inayokwenda Ukerewe na Ukara mwezi huu. Kijana wa duka hakuinua hata macho kwenye kioo.

"Elfu tano."

Jamaa akalipa.