Umahiri wa Kusaini Mahudhurio

Ujumbe ulitua kwenye kundi la ofisi saa tatu na dakika arobaini usiku, saa ambayo mtu mwenye adabu humtafuta mwenzake kwa taarifa ya msiba tu. "Walimu, habari za jioni. Kesho saa nane kamili ni MEWAKA. Kila mmoja aje na andalio la somo la muundo mpya. Vishikwambi viwe na chaji. Nawashukuru kwa ushirikiano." Ushirikiano upi tena, hata hatujajibu? Tayari zimeshashuka "Imepokelewa Mkuu", "Pamoja sana Mkuu", na yule wa siku zote ameweka picha ya waridi jekundu lenye maandishi ya usiku mwema.

Iandikwe wazi kwamba sina ugomvi na hiyo MEWAKA, yaani mafunzo endelevu ya walimu kazini, isije ikasemwa kuna mwalimu anapinga maendeleo ya taifa. Ugomvi wangu ni na hilo neno "mpya". Mpya kuliko upi, jamani? Habari za kujenga umahiri tunaimbiwa tangu mageuzi ya mitaala ya 2005. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule leo ni mwalimu wa kujitolea, naye anaulizwa kama ameshazoea muundo mpya.

Halafu upya wenyewe unapanda ngazi kwa zamu. Mtaala ulioboreshwa ulianza Januari 2024 kwa awali, darasa la kwanza na la tatu. Lile la tatu la 2024, mwaka huu wa 2026 limefika la tano. La sita na la saba bado wanakula mtaala wa zamani mpaka wamalize. Kwa hiyo mwalimu mmoja, miguu ile ile, kipindi cha kwanza yuko darasa la tano anafundisha Jiografia na Mazingira. Anavuka korido kuingia la sita, hapo somo ni Maarifa ya Jamii. Mlima Kilimanjaro uko pale pale, ila kwenye daftari la maandalio la tano ana "shughuli za ujifunzaji" na la sita ana "shughuli za kutendwa na mwanafunzi". Ukichanganya, Mthibiti Ubora anakuja na kalamu nyekundu, anakuuliza kwa upole unaotisha: "Mwalimu, hii umeitoa wapi?"

Umeitoa wapi! Umeitoa kwenye andalio la jirani, ambaye alilitoa kwenye kundi la WhatsApp la walimu wa mkoa, ambako lililetwa na mtu asiyejulikana likiwa na jina la shule nyingine kabisa. Dawa yake haina uchawi wowote. Madaftari mawili, majalada rangi mbili, na vichwa vya safu vinakiliwa kutoka kwenye muhtasari wa somo wenyewe wa darasa husika. Umahiri mkuu na umahiri mahususi havitungwi, vinahamishwa neno kwa neno. Uhuru wako unaanzia kwenye shughuli, maana moja inaweza kula vipindi sita na lazima uikate vipande vinavyoingia kwenye dakika arobaini. Na hapo kwenye kigezo cha upimaji ndipo wengi huanguka: shughuli inasema mwanafunzi apime urefu wa ubao kwa rula, kigezo kinasema "anaeleza maana ya urefu". Sasa huyo mtoto ulimpa rula ya nini?

Lakini turudi kwenye kikao chenyewe cha kesho yake, maana hicho ndicho kilichonimaliza.

Saa nane kamili maana yake saa nane na nusu. Kwanza daftari la mahudhurio lizunguke. Jina, jinsi, cheo, check namba, simu, sahihi. Kalamu ni moja na ni ya Mwalimu Mkuu, kwa hiyo inafuatiliwa kwa macho kama mtuhumiwa. Mwezeshaji anasimama. Huyu alichaguliwa kwenda kwenye mafunzo ya kata, naye wa kata alikuwa ametoka wilayani, wa wilayani alitoka mkoani. Huko juu kulikuwa na moduli nzima ya kitabu. Wilayani ikawa slaidi. Kwetu imefika picha ya slaidi iliyopigwa kwa simu kutoka kiti cha nyuma, na nusu ya maneno imezibwa na kichwa cha mtu mwenye kofia. "Hapa walisema," mwezeshaji anaeleza, akinyoosha kidole kwenye kofia, "kitu muhimu sana."

Utaratibu wa jumuiya ya ujifunzaji, yaani kikao hiki cha walimu kufundishana, unafahamika. Mnachagua mada tata moja, mnaiandalia somo kwa pamoja, mmoja analifundisha wengine wakitazama, kisha mnakaa kutafakari kilichokubali na kilichokataa. Hatua nne tu. Tatizo ni kwamba hatua ya kwanza imekutana na walimu. Wa Kiswahili anataka ngeli. Madam wa darasa la kwanza anataka Kiingereza, kwa sababu mtaala huu umekishusha hadi kwake huku chini na yeye maisha yake yote ni kusoma, kuandika na kuhesabu. Wa Sanaa na Michezo anasema mada tata kwake ni ngoma, hana ngoma. Akaambiwa abuni zana kutoka kwenye mazingira. Akauliza kama Mwalimu Mkuu ataruhusu atumie lile pipa la maji. Likazuka gumzo la dakika kumi kuhusu pipa.

Mzee wa Hisabati, ambaye muda wote alikuwa amefumba macho, akafungua moja. "Sehemu," akasema. "Nusu kujumlisha theluthi. Wananiletea mbili ya tano."

Ofisi ikanyamaza. Kila mtu ameshaletewa mbili ya tano. Mtoto anajumlisha kiasi kwa kiasi, moja na moja mbili; anajumlisha asili kwa asili, mbili na tatu tano; anapiga mstari chini ya jibu kwa rula na anajisikia amefaulu. Ukimwekea mkasi mwekundu, anasahihisha kwa kunakili jibu la jirani, na kesho anarudi na mbili ya tano nyingine iliyonona zaidi.

"Tunawafundisha kutafuta KDS, kigawe kidogo cha shirika," akasema kijana wa kujitolea.

"KDS wanaijua," Mzee akamjibu. "Wanaipata sita, wanaiandika pembeni vizuri kabisa, halafu wanaandika mbili ya tano."

Hapo sasa ndipo mwezeshaji akakumbuka kitu kutoka kwenye kofia. Karatasi! Walikunja karatasi! Akachukua fomu ya A4 mezani, akaikunja katikati ikawa nusu. Safi. Akaigeuza akunje theluthi upande wa pili. Akakunja nusu, akakunja tena nusu, akafungua kwa madaha: vyumba vinane. Akavihesabu mara mbili, labda vingepungua. "Hii ni kanuni ya jumla," akasema. Wa Kiswahili akachukua fomu nyingine akajaribu kuikunja kama barua ya bahasha, kipande cha kwanza kikatoka kinene, cha tatu chembamba. Wa Sayansi akasema tatizo ni ubora wa karatasi. Mwalimu Mkuu akasema tatizo ni kutokuwa makini. Fomu zikaendelea kuisha. Sauti zikapanda. Mtu akadai kwamba theluthi kwa asili yake haikunjiki, na nakiri kulikuwa na waliomuunga mkono.

Madam wa darasa la kwanza akaomba rula.

A4, akasema bila hata kuinua uso, upana wake ni sentimita 21. Ishirini na moja kwa tatu ni saba. Akaweka nukta kwenye 7 na 14, juu na chini, akakunja kwenye nukta. Theluthi tatu, zote ndugu wa damu. Kisha akakunja urefu katikati. Vyumba sita. "Nusu ni vyumba vingapi? Vitatu. Vipake rangi. Theluthi ni vingapi? Viwili. Paka vilivyobaki wazi, usipake juu ya vile vya nusu. Vyenye rangi vitano kati ya sita." Akaiweka karatasi mezani. "Na kabla ya karatasi namuuliza mtoto swali moja: ulikuwa na nusu ya chapati, mama akakuongezea theluthi, wewe unaniambia sasa una mbili ya tano, yaani umepungukiwa hata na ile nusu yako. Nani kakuibia?"

Mzee wa Hisabati akafumbua na jicho la pili.

Kuna aliyeuliza, na lilikuwa swali la haki, darasa la watoto 120 utakunja karatasi ngapi. Madam akapiga hesabu papo hapo: makundi ya watano watano ni 24. Karatasi moja ya A4 unaikata robo nne, kila kundi robo moja, basi unatumia karatasi sita. Upana wa robo ni sentimita 10 na nusu, nukta unaziweka kwenye 3.5 na 7. Akaonya pia: usiwape makundi wakate wenyewe, maana robo zitatoka za kila sura na somo litageuka kuwa la mkasi, na waambie kabisa kwamba vyumba lazima vilingane, kwa sababu mtoto mwenye vyumba sita visivyolingana atakuletea sita ya kwake mwenyewe. Katika dakika kumi na mbili yule mama alikuwa ametufundisha zaidi ya kofia zote za mkoa. Tulikuwa tumeiva. Tulikuwa tayari kupanga nani afundishe Jumatatu na nani akae nyuma kutazama.

"Jamani," mwezeshaji akasema, "hatujapiga picha."

Ushahidi! Bila picha kikao hakijafanyika. Tukaambiwa tukae kwa mduara, tuonekane tunajadili. Mzee aliambiwa anyooshe mkono kama anayeuliza swali. Akasema hana swali. Akaambiwa anyooshe tu. Madam, aliyekuwa ndiye mwalimu halisi wa siku ile, akaambiwa asogee kidogo kwa sababu anaziba bango la "Karibu Jumuiya ya Ujifunzaji". Picha ya kwanza mtu kafumba macho. Ya pili kaingia mbuzi dirishani. Ya tatu nzuri. Kisha fomu ya taarifa ijazwe, na hapo ndipo ikagundulika kwamba zile karatasi zote tulizokunja ndizo zilikuwa fomu za taarifa. Imebaki moja, ina vyumba vinane. Ikajazwa hiyo hiyo. Mada: sehemu. Mbinu: shirikishi. Changamoto: muda hautoshi. Maoni: muda uongezwe. Kuhusu nukta kwenye 7 na 14, hakuna mahali pa kuandika. Kengele ya saa kumi ikagonga, nani afundishe Jumatatu hatukusema.

Soda? Usiniulize soda. Mafunzo ya ngazi ya shule hayana posho, na anayeuliza anatazamwa kama aliyetaja mirathi matangani.

Nani ana muda wa kusoma moduli za mtandaoni za TET, Taasisi ya Elimu Tanzania? Muda ungekuwepo, nywila ndiyo haipo. Mwalimu wa leo ana nywila ya ESS, mfumo wa watumishi wa umma kujihudumia, humo ndani ana PEPMIS ya kupima utendaji ajaze majukumu yake na asubiri msimamizi aidhinishe, ana ya mfumo wa takwimu za shule, ana ya moduli. Kila moja inataka herufi kubwa, tarakimu na alama ya ajabu. Zote zimeandikwa nyuma ya daftari la maandalio, na kiranja anayebeba madaftari anazijua kuliko mwenyewe. Walau vitabu: vikiwa kwenye Maktaba Mtandao, apakue mtu mmoja usiku mtandao ukiwa mwepesi, asubuhi awagawie wenzake kwa Bluetooth. Walimu kumi na wanane kupakua kitabu kile kile kwa bando kumi na nane ni sadaka kwa mitandao ya simu.

Na hivyo vishikwambi vyenyewe ndivyo vilivyohesabu watu kwenye Sensa ya 2022. Changu kinapata moto kikifunguliwa kurasa mbili, chaja nayo inakubali ikishikiliwa kwa pembe moja tu, mtu akae hapo ameibonyeza.

Mnajua lakini kitu kinachokuja? 2027. Lile darasa la mtaala mpya litamaliza la sita, kwa sababu msingi sasa ni miaka sita, na lile lililo mbele yake litamaliza la saba mwaka huo huo. Makundi mawili, mlango mmoja, kidato cha kwanza 2028. Mmoja kasoma Historia ya Tanzania na Maadili, mwenzake kasoma Uraia na Maadili, wakae dawati moja na mwalimu aliyefundwa na kofia. Fundi cherehani wa pale sokoni ndiye pekee niliyemsikia amejipanga. Ananiuliza sketi za shule zitakuwa rangi ile ile au wanabadilisha na zenyewe, anunue kitambaa kabla hakijapanda. Nimemwambia asubiri waraka. Anataka nimpe na kianzio. Kianzio, mtu ambaye suruali yangu ya kaki kaishikilia tangu Pasaka, kila nikipita ananionyesha mguu mmoja!